Mti wa Bi Mardhiya

Siku mti ulipoingia nyumbani kwa fundi Mwinshehe pale Dunda, Bagamoyo, cherehani ilitoka. Haikwenda mbali. Ilisukumwa kutoka dirishani hadi kwenye ujia, karibu na mlango wa choo, mahali ambapo hata saa sita mchana mtu hupapasa kutafuta tundu la sindano. Mwinshehe alikuwa ameshonea kanzu kwenye dirisha lile tangu hajaoa. Lakini mgeni alihitaji mwanga, na mgeni mwenyewe si wa kuambiwa asubiri, maana alitoka ukweni.

Mgeni huyo alibebwa na Issa, dereva wa Bi Mardhiya, akatuliwa sebuleni ndani ya chungu cheupe chenye nakshi. Matawi yake yalikuwa membamba, yananing'inia, na majani yake marefu yameelekea chini kama watu waliotoka mazikoni. Nyuma yake akaingia Bi Mardhiya, manukato yakimtangulia. Alikaribishwa kiti akakikataa, akakaribishwa tena, akakikalia ncha.

"Ni mti wa Australia huu," alisema. "Wapangaji wangu wa Masaki, Wazungu, waliniachia walipokuwa wanaondoka. Si mti wa nje huu, jua litauunguza. Huu unalelewa ndani, kama mtu."

"Mashaallah," alisema Mwanajuma, mke wa fundi, ambaye angesema mashaallah hata kama angeletewa gunia la mawe.

"Mimi naondoka kwenda Muscat kwa dada yangu, mpaka kipupwe kiishe. Nikirudi tufunge harusi, inshallah. Nyumbani kwangu wafanyakazi wapo, lakini nimesema hapana, mti nitamwachia Adila." Akamgeukia msichana aliyekaa mkekani, ambaye ndiye mchumba wa mwanawe. "Mwanamke akiweza kuulea mti huu, mwanangu nitampa bila wasiwasi. Na asipoweza..."

Hakumalizia. Watu wa namna ya Bi Mardhiya hawana haja ya kumaliza maneno yao, wengine huwamalizia. Alichuma jani moja, akaliponda baina ya vidole, akamnusisha Mwanajuma. Harufu kali ya ubaridi ikampanda mpaka kwenye paji la uso.

"Pipi kifua," ilisema sauti kutoka pembeni. Alikuwa Bi Kuruthumu, mama yake Mwinshehe, aliyeletwa mjini kutoka Fukayosi baada ya kufiwa na mumewe, na ambaye tangu aje hajaona cha mjini kilichomshangaza isipokuwa bei ya mihogo. "Unanukia pipi kifua. Mti wa dawa huu."

"Si wa dawa, mama," alisema Bi Mardhiya, kwa ule upole wa kuzungumza na mtoto. "Ni wa pambo."

Tuseme kweli, Mwanajuma aliitaka ndoa hii kuliko bibi harusi mwenyewe. Miaka yote alikuwa amekaa mbele ya kikaango cha vitumbua, macho mekundu kwa moshi, akiapa kwamba mwanawe hatakaa hapo. Adila alisoma, akawa mwalimu wa chekechea, msichana wa maneno machache. Halafu akatokea Abdulazizi, mtoto pekee wa Bi Mardhiya, msimamizi wa nyumba za kupangisha za mama yake, kijana wa sauti ya taratibu asiyebishana na mtu. Hili la kutobishana ndilo lililomfurahisha Mwanajuma zaidi. Mume wa hivyo, alisema, hakunyanyulii mkono wala sauti. Nyumba yao ya njia ya Kaole ilikuwa na vigae mpaka jikoni, na Dunda nzima ilikuwa imeshaelezwa habari za vigae hivyo.

Adila alimpenda kijana. Mama yake alivipenda vigae. Kwa muda, mapenzi hayo mawili yalikwenda pamoja bila kugombana.


Masharti yalianza kuja kwa sauti, kwenye simu ya Mwanajuma, kila baada ya sala ya alfajiri.

"Asalaam aleykum, Mama Adila. Huo mti msiupe maji ya kisima, yana chumvi. Upeni ya chupa." Kesho yake: "Mama Adila, msifukize udi humo sebuleni, moshi unaudhuru." Kesho kutwa: "Chungu kigeuzeni kila asubuhi, upate mwanga pande zote. Na majani yafuteni vumbi kwa kitambaa laini, si hilo dekio nililoliona mlangoni. Kila Ijumaa nipigieni picha niuone."

Basi mti ukanywa maji ya chupa, na wenye nyumba wakaendelea kunywa ya kisima. Mwinshehe aliziona chupa zimepangwa chini ya dirisha lililokuwa lake, akauliza kama kuna mgonjwa.

"Ya mti hayo," alijibiwa na mkewe.

Akazitazama chupa, akautazama mti, akarudi zake ujiani. Juma lile Mzee Hija alirudisha kanzu kwa sababu shingo imekaa upande. "Fundi," alisema kwa adabu, "macho yameanza kuchoka?" Macho ya fundi hayakuwa na tatizo lolote. Lakini angejibu nini? Kwamba dirisha amempa mti? Akacheka kicheko cha mtu mzima aliyeshikwa pabaya, akaifumua kanzu.

Bi Kuruthumu hakuwa na haja ya kucheka. "Kwetu mti ukionekana ndani ya nyumba, ujue nyumba hiyo ni gofu," alisema, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi. "Tena mti wenyewe wa kulialia hivi! Shetani akipita ataona ameandaliwa kiti." Kila magharibi alikuwa akiusomea Ayatul Kursiy na kuupulizia, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza maji, yale yaliyobaki kwenye birika la udhu akiyamimina humo humo chunguni.

Hakuwa peke yake. Adila aliunywesha asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Mwanajuma aliunywesha adhuhuri, kwa hofu kwamba Adila amesahau. Hata Mwinshehe, siku moja alipobaki nao wawili tu sebuleni, alionea huruma kiumbe kinachokaa bila kuzungumza, akakipa kikombe. Haukupita muda, majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Mwanajuma akawa anayachuma kila Ijumaa kabla ya picha, anayakunja ndani ya upande wa kanga, anayatupa chooni kwa siri kama mwizi.

"Mbona kama umepungua?" ilisema sauti ya Muscat.

"Kamera tu, dada. Simu yetu haina picha nzuri."

Jirani yao Batuli, mwanamke ambaye jambo lolote la watu hulijua kabla ya wenyewe, aliuita mti ule Mkwe. Akipita dirishani husimama, hufunga mtandio vizuri, husema, "Hujambo, Mkwe? Umeamkaje? Maji umepata?" Watoto wa mtaa wakamuiga. Mwanajuma alikasirika, kisha naye akajikuta usiku anamwambia mumewe, "Baba Adila, fungua dirisha kidogo, Mkwe apate hewa."


Kipupwe kilipoingia, mafua yaliingia nacho. Dunda ikawa inakohoa kuanzia msikitini mpaka sokoni. Asubuhi moja Mwanajuma alipokuwa anageuza chungu, kama alivyoagizwa, aligundua kwamba upande uliokuwa umetazama ukuta hauna kitu. Vijiti vitupu. Hapo hapo pua yake ikanasa harufu ya pipi kifua kutoka uani.

Alitoka mbio. Uani palikuwa na sufuria juu ya matofali, na juu ya sufuria blanketi, na chini ya blanketi inachungulia miguu minne. Miwili aliifahamu kwa nyufa zake, ya mama mkwe wake. Miwili ilikuwa na hina ya Batuli.

"Mama! Mti wa watu!"

"Nimechuma upande wa ukutani," lilijibu blanketi, "usioonekana kwenye picha. Mimi si mjinga."

"Na wewe, Batuli?"

"Mimi nimekaribishwa nyungu, shoga," alisema Batuli akitoa uso uliolowa jasho. "Lakini haki ya Mungu, kifua chote kimefunguka. Mkaratusi haufui dafu hapa."

Mwanajuma alikaa chini kwenye kizingiti. Alitaka kumtukana mtu, lakini mmoja alikuwa mama mkwe, na mwingine alikuwa Batuli, na kumtukana Batuli ni sawa na kutangaza habari redioni. Akamwapisha asimwambie mtu. Batuli akaapa vizuri sana, na kabla ya Ijumaa wanawake watatu wakaja na vikapu kuomba "yale majani". Mwanajuma aliwafukuza, akahamishia kitanda chake sebuleni, akawa analala na mti.


Abdulazizi alikuja siku ya Alhamisi mchana, juu ya bodaboda, amevaa koti zito katika nchi ya joto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona hivyo? Mbona unatetemeka?"

Alikuwa ametoka hospitali. Wamempima, wamesema si malaria, ni mafua tu, wamempa vidonge, vidonge amevimeza, na kifua bado kimefunga kama mlango wa chuma. Kule njia ya Kaole kulikuwa na vyumba vingi na vigae vingi, lakini hakuna mtu wa kumpikia uji, kwani wafanyakazi, mwenye nyumba alipopanda ndege tu, nao walitoweka. Kijana alisema hayo yote kwa sauti ya kukwaruza, kisha akajilaza mkekani bila kukaribishwa. Adila alimletea mto, akasimama pale hajui aweke wapi mikono.

Bi Kuruthumu alimgusa shingo. "Huyu anataka nyungu," alisema. "Na dawa yake iko hapo dirishani, tena ni ya kwao wenyewe."

Mwanajuma akajikuta amesimama katikati, mti nyuma yake, mgonjwa mbele yake, mikono ameitandaza kama kipa. Ndani yake kulikuwa na hesabu mbaya. Mti ukiisha, ndoa imeisha. Na kijana akizidiwa mikononi mwao, pia imeisha. Aliona aibu kwamba ameanza na mti.

"Nimpigie mama yako nimwombe ruhusa?" aliuliza.

"La, mama, usimpigie!" Abdulazizi alijiinua kwa kiwiko. "Atapata presha bure. Kateni. Kateni wote ikibidi, mti ni mti tu. Mama nitazungumza naye mimi mwenyewe."

"Utamwambia kwa kinywa chako?" Adila aliuliza.

"Wallahi, Adila. Nitamwambia yote."

Basi Mwanajuma mwenyewe akaenda ujiani, akachukua mkasi wa kukatia kanzu, akarudi, akasema bismillahi, akaanza kukata.

Abdulazizi alifukizwa asubuhi na jioni. Alilazwa kwenye baraza ya uani, Mwinshehe akilala ubavuni mwake ili majirani wasipate la kusema, na fundi akafurahi, kwani kwa muda ule alikuwa na mtu wa kuzungumza naye mbali na mlango wa choo. Bi Kuruthumu alimpikia uji wa pilipili manga. Mwanajuma alimpikia supu ya pweza. Alipoweza kusimama na kucheka, mti ulikuwa umebaki vijiti, umesimama dirishani kama ufagio uliogeuzwa.

"Mama," alisema wakati wa kuaga, amemshika Mwanajuma mikono miwili, "nyinyi ndio watu. Kwetu ningekufa."

Mwanajuma alilia machozi ya raha, akamjazia supu nyingine kwenye chupa ya chai aende nayo.


Lakini Ijumaa haimngoji mtu, na safari hii Bi Mardhiya hakutaka picha. Alitaka kuuona mti waziwazi, kwa simu ya video.

"Tumwambie," alisema Adila.

"Atamwambia mwanawe. Ameapa."

"Ameapa juma lililopita, mama."

"Anatafuta wakati mzuri! Wewe ukishaolewa utajua kwamba mama wa mtu haambiwi jambo saa yoyote."

Batuli ndiye aliyeleta ufumbuzi, na aliuleta ndani ya kikapu: vitawi vya mivinje ya ufukweni, vyembamba, vinavyoning'inia, kijani kibichi. Ukivitazama kwa mbali, na kwa simu mbovu, navyo ni kama majani yanayolia. Wakavifunga kimoja kimoja kwenye vijiti kwa uzi mweupe wa kanzu. Mwinshehe aliombwa uzi, akautoa, akauliza kwa unyenyekevu kama na yeye sasa anaweza kurudishiwa dirisha, kwa kuwa mvinje uliokatwa hauna haja ya mwanga. Akapewa kijiti ashikilie.

"Mashaallah!" simu ilipiga kelele. "Umenenepa! Adila, mwanangu, una mkono wa baraka. Biubwa, shoga yangu, njoo uone mti wangu!"

Adila alishika simu kwa sababu mama yake alimwambia aishike. Mwanajuma alicheka mbele ya kamera, akashukuru, akaombea dua safari ya kurudi, na simu ilipokatika alikwenda kunawa uso kwenye ndoo, akanawa tena, kwa sababu alijiona mchafu.

Usiku Abdulazizi alimwandikia Adila. Hajasema bado, alieleza, anatafuta wakati mzuri. Siku mama atakaporudi atatangulia kufika yeye, watakuwa wote pamoja, atasema mbele ya watu, na mama mbele ya watu hawezi kukasirika sana.


Siku hiyo walimngoja. Sebule ilifagiliwa, vitumbua vikafunikwa kwa kawa, Batuli alikuja alfajiri akabadilisha mivinje iliyokauka, kisha akajipa kazi ya kupepeta mchele kwenye baraza ya jirani, ambapo panasikika vizuri. Mwinshehe alivaa kanzu aliyoishona zamani za dirisha. Abdulazizi hakutokea. Lilitokea gari jeupe.

Issa alifungua mlango, akashuka Bi Mardhiya, akashuka rafiki yake Biubwa aliyesafiri naye, na nyuma yao wote, akiwa amebeba mkoba wa mama yake, akashuka Abdulazizi.

"Shikamooni," alisema, akiangalia mkoba.

Salamu zilikwenda mzunguko wake, habari za Muscat, za ndege, za joto. Bi Mardhiya hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, mikono ameitanua kama mtu anayekwenda kumpokea mjukuu, na kama ilivyo desturi yake, akashika jani akaliponda baina ya vidole, akampelekea Biubwa puani.

"Nusa."

Biubwa alinusa. "Sisikii kitu."

Bi Mardhiya akanusa mwenyewe. Akashika jingine. Akavuta. Tawi zima lilimfuata mkononi, na nyuma ya tawi ukafuata uzi mweupe, mrefu, taratibu, mpaka ukafika mwisho.

Kwenye baraza ya jirani mchele uliacha kupepetwa.

"Huu ni mvinje," alisema Bi Mardhiya. Aling'oa cha pili, cha tatu, cha nne, akavitupa chini mpaka mti ukabaki uchi. "Nimeacha mti, nimekuta kuni zimevishwa nguo! Mmeuza majani yangu? Niliambiwa Dunda nzima mnajifukizia mti wangu, nikakataa kuamini!"

"Hatukuuza, dada, wallahi hatukuuza," alisema Mwanajuma. Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye ikamuudhi. "Mivinje ni kosa letu, tusamehe. Lakini majani yalikuwa na sababu." Akamgeukia kijana. "Baba, sema. Sema sasa. Watu tupo."

Wote wakamtazama Abdulazizi. Abdulazizi akautazama mkoba. Aliufungua zipu, akaufunga. Kwa muda huo mtu mwenye ulimi angeweza kuokoa ndoa nzima.

"Mimi mama nilikuwa naumwa," alisema hatimaye. "Nilikuja hapa naumwa. Wakanifukiza. Sikujua wanatumia majani gani."

Bi Kuruthumu alisema kitu kwa Kikwere cha kwao ambacho hakuna aliyekitafsiri.

"Umesikia?" Bi Mardhiya alimwambia Biubwa. "Mtoto yuko na homa hana fahamu, wao wanachukua nafasi ya kuchuma." Kisha akamgeukia Mwanajuma, na safari hii alimaliza maneno yake yote. "Mimi nilisema, nyumba ndogo si neno, umaskini si neno, ushonaji wa kanzu ni kazi ya halali. Nikasema niwape kitu kidogo tu, nione adabu yao. Kitu kidogo tu! Mkaja na uzi."

Mwanajuma alifungua mdomo aombe radhi tena. Alikuwa tayari kupiga magoti, tusifiche, magoti yalikuwa yameshaanza kulegea. Ndipo alipomwona Adila. Adila hakuwa anamtazama Bi Mardhiya hata kidogo. Alikuwa anamtazama Abdulazizi, bila hasira, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemfundisha herufi moja mwaka mzima na bado haijui. Akavua pete ya uchumba. Akausogelea mti, akachagua kitawi kilichonyooka, akaitundika pale.

"Mama Mardhiya," alisema kwa heshima zote, "mti wako mimi nimeshindwa kuulea. Ni kweli. Chukua na pete."

"Adila!" Mwanajuma alipiga ukelele.

"Adila," alisema Abdulazizi. Kisha akarudi kwenye zipu ya mkoba.

Bi Mardhiya aliichomoa pete haraka, kitawi kikavunjika. Mti aliutazama kwa kinyaa. "Huo ulishakufa. Kaeni nao, ni saizi yenu." Wakatoka kama walivyoingia, mama mbele, rafiki nyuma yake, na kijana mwisho kabisa na mkoba wake.


Mwanajuma alimgombeza mwanawe mpaka sauti ikakauka. Alimwambia ameichezea bahati, kwamba kijana alibanwa tu, kwamba wanaume wote mbele ya mama zao ni hivyo, amuulize baba yake. Mwinshehe, aliyekuwa anaisukuma cherehani kuirudisha dirishani, alisimama kupumua.

"Mimi mama yangu huyo hapo," alisema. "Mwaka niliokuoa alisema wewe mfupi, hutafika kamba ya kuanikia. Nilimjibu nini?"

Bi Kuruthumu alijibu badala ya Mwanajuma. "Ulisema utaishusha kamba. Ukaishusha kweli. Mimi mpaka leo nikipita inanikata shingo."

Mwanajuma alikwenda kukaa mbele ya kikaango chake kisichokuwa na moto, akalia peke yake, akivililia vigae kwanza, na vigae vilipoisha, akamlilia mwanawe. Alikumbuka jinsi magoti yake yalivyoanza kulegea. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na lilichukua muda mrefu kuondoka.

Mti ulitolewa uani na Mwinshehe, chungu chake cheupe na vyote, ukawekwa karibu na kisima ili Bi Kuruthumu apate pa kuegemeza fimbo yake. Hakuna aliyeugeuza. Hakuna aliyeufuta vumbi. Ulipigwa na jua la Bagamoyo mchana kutwa, ukamwagiwa maji ya chumvi siku mtu alipokumbuka, na kuku wakakilalia kivuli chake kabla hata haujawa na kivuli. Asubuhi moja Adila alisimama mbele yake na mswaki mdomoni, akamwita mama yake. Kila palipokatwa na mkasi palikuwa pametoa vichipukizi, viwili viwili, vitatu vitatu, vyekundu kwa ulaini kama vidole vya kichanga. Mwezi haukuisha, ukawa kichaka kinachoning'inia mpaka chini, na ukiupita kanga inabaki inanukia pipi kifua.

Batuli aliupiga picha, akaisambaza kwa simu yake, Dunda nzima iuone. Aliandika chini yake: Mkwe amepona.

Haikupita Ijumaa, gari jeupe likasimama mlangoni. Alishuka Issa peke yake, amefunga skafu shingoni, kofia mkononi, anaona haya kwa niaba ya watu wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Issa. Karibu."

"Nimetumwa na Bi Mardhiya. Anakusalimu sana. Abdulazizi mafua yamemrudia, na safari hii yamemshika na mama mwenyewe, usiku hawalali. Anasema ameuona mti kwenye simu ya watu. Anaomba majani kidogo tu. Anasema yaliyopita yamepita."

Mwanajuma alikuwa na kitumbua kwenye kijiti. Alikigeuza, akakitazama kikiiva. Dirishani cherehani ilinyamaza. Zamani moyo wake ungeruka, angekwishakimbilia uani na kapu. Alijisikiliza aone kama utaruka. Haukuruka.

"Mwambie wa aleykum salaam," alisema. "Majani yapo, tena mengi, na mgonjwa hanyimwi dawa hata akiwa nani. Lakini mimi sitoi majani yatumike halafu aliyeyatumia aseme hakuyajua. Mwambie Abdulazizi aje mwenyewe. Aje na mama yake, aje na blanketi lake, akae hapo uani mchana watu wakimwona. Kabla ya kujifunika amwambie mama yake, kwa kinywa chake, majani gani yale. Akishasema, nitamchumia mimi kwa mkono wangu."

Issa aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijitahidi, kwa kuwa ni mtu wa adabu na mwenye mshahara wa watu, lakini kicheko kilimshinda, na kicheko kikaamsha kikohozi, akakohoa mpaka akashika nguzo ya mlango na machozi kumtoka.

"Mwanajuma!" Bi Kuruthumu aliita kutoka uani. "Huyo mchumie! Huyo amekohoa mbele za watu!"